Salensa ya Borafya

Jumatatu, tarehe 4 Oktoba 1971. Asubuhi hiyo kulikuwa na mawingu mepesi, upepo umekufa, na manyunyu yaliyoanguka alfajiri yalikuwa bado yanachuruzika kutoka kwenye makuti ya mapaa ya Mpendae. Ilikuwa asubuhi ya kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa utulivu wake, na watu wengi wa mtaa walikuwa wanamshukuru wakiwa bado wamelala, pale Borafya Usi alipotia ufunguo katika gari lake la abiria.

Gari lilikohoa, likanyamaza kidogo kama linalofikiri, halafu likapasuka. Kuku waliruka uani. Mtoto wa nyumba ya tatu akalia. Bomba la moshi lilikuwa limekatika katikati, na salensa yenyewe, lile kopo kubwa la chuma linalokaa chini ya gari kumeza kelele, ilikuwa imeoza kwa chumvi hata ikawa kama andazi lililotafunwa na panya. Tangu mwaka jana ilikuwa na tundu, na Borafya akaifunga kwa waya. Sasa uliobaki ulikuwa waya.

Mkewe, Mwanamkasi, alikuwa mferejini, kwenye bomba la maji la mtaa, na ndoo yake akingojea zamu. Kelele zilipopita barabarani, wanawake waliacha kuzungumza mpaka zilipofika mbali.

"Ndege ya asubuhi hiyo," alisema Bi Kidawa, mke wa Balozi wa nyumba kumi. "Mwenzetu Mwanamkasi, rubani kesharuka?"

"Karuka. Na wewe ukitaka kupanda, nauli ni ile ile."

"Mie nipande lile? Nikishuka, hata mume wangu akinisemesha sitomsikia."

"Basi hapo umepata, hukupoteza," alisema mwanamke mwingine, na mfereji mzima ukacheka.

Mwanamkasi alicheka nao, maana asiyecheka mferejini huondoka na maji ya ndoo na ya macho. Isitoshe, wiki hiyo alikuwa na sababu ya kuvumilia. Ijumaa ilikuwa zamu yake ya upatu. Wanawake wa mtaa walitoa fedha kila mwezi, na kila mwezi mmoja wao akazipokea zote. Zamu yake ikija, angeshika shilingi mia na themanini kwa mkupuo mmoja, jambo ambalo halijamtokea tangu siku aliyozaliwa. Na fedha hizo zilikuwa na kazi. Bi Sugra wa Kiponda, mjane wa Kibohora, alikuwa anauza vitu vyake ili ahamie kwa mwanawe Dar es Salaam, na miongoni mwa vitu hivyo mlikuwa na cherehani ya mkono, inayozunguka laini kama inayotiwa mafuta kila siku. Mwanamkasi alikuwa akishona nguo za watoto kwa sindano, usiku na mchana, kila Idi, na kila Idi watu wakimwambia mshono mzuri lakini umechelewa.

"Mia na themanini, kwa ajili yako," Bi Sugra alimwambia. "Ila usichelewe, mwanangu. Meli hainingojei mie, seuze wewe."

Siku hiyo hiyo baada ya sala ya Alasiri, wageni watatu walipiga hodi barazani kwa Borafya. Wa kwanza alikuwa Balozi Shamsi, mtu mnene mwenye sauti ya upole ambayo watu waliiogopa. Wa pili alikuwa Maalim, imamu wa msikiti wao mdogo. Wa tatu alikuwa Mzee Jecha, ambaye kila Ramadhani hupita mtaani na debe lake akiwaamsha watu kula daku, na kwa kazi hiyo kila nyumba humpa fitiri yake na maneno mazuri.

"Shikamoo Mzee Jecha. Karibuni, karibuni."

"Marahaba. Tushakaribia."

"Bwana Borafya," alisema Balozi, "sisi hatukuja kwa ubaya." Borafya akajua kwamba wamekuja kwa ubaya.

Walianza kwa mbali, kama ilivyo adabu. Wakauliza hali ya samaki huko Kizimkazi, maana Borafya huwachukua wachuuzi wa samaki kabla ya alfajiri akawapeleka shamba na kuwarudisha mjini. Wakauliza foleni ya mchele. Kisha Maalim akasema kwamba jirani ana haki yake, na kwamba imani ya mtu haikamiliki ikiwa jirani hasalimiki naye.

"Ni lile gari," alisema Mzee Jecha, ambaye hakuwa na subira. "Mimi usingizi wangu mwepesi, Borafya. Jani likianguka naamka. Sasa wewe si jani, wewe mnazi mzima."

"Wazee wangu, mnadhani mie napenda? Juzi askari kanisimamisha njia ya hospitali. Kanambia, nikionekana tena na zile kelele, leseni itakaa kwao. Na leseni ikikaa kwao, sisi humu ndani tutakula nini? Lakini vitu havipatikani, na kikipatikana kina bei yake. Mie sina."

"Tutachanga," alisema Mzee Jecha.

Kila mmoja aliitazama kanzu ya mwenziwe, kama kwamba mfuko uko huko.

"Hali mnaijua," alisema Balozi polepole. "Watu hawana. Lakini mimi nimesikia, sikuuliza, nimesikia tu nyumbani, kwamba upatu wa Ijumaa unaingia nyumba hii."

Nyuma ya Borafya kulikuwa na mlango, na mlangoni pazia, na nyuma ya pazia Mwanamkasi amesimama na sinia ya vikombe vya kahawa. Borafya hakugeuka.

"Hiyo ni fedha ya mke wangu," alisema.

"Kwani mke na mume si nyumba moja?" aliuliza Balozi.

Maalim alikuwa anajua vyema kwamba mali ya mke ni ya mke, na mume hana sehemu ndani yake ila mke aridhie kwa nafsi yake. Mwenyewe aliwasomesha watu hivyo mwaka uliopita. Lakini pia yeye ndiye aliyekuwa akilala karibu zaidi na barabara. Akakohoa.

"Ikiwa kwa ridhaa yake," alisema.

"Mwenyewe yupo," alisema Balozi. "Bi Mwanamkasi!"

"Naam," sauti ilijibu nyuma ya pazia.

"Umetusikia?"

"Nimesikia."

"Unaridhia?"

Sinia ilikuwa nzito mikononi mwake. Barabarani watu wawili walikuwa wamesimama wakijidai kutengeneza baiskeli ambayo haikuwa na kosa lolote. Akisema hapana, kabla ya Magharibi mfereji utakuwa unasema kwamba Mwanamkasi kaficha fedha huku mumewe ananyang'anywa leseni. Alilitazama bega la mumewe kupitia upenyo wa pazia, na bega halikutikisika.

"Achukue," alisema.

"Mashaallah!" alisema Balozi. "Huyu ndiye mke mwema." Wakanywa kahawa, wakaomba dua ndefu ya baraka kwa nyumba hiyo, wakaondoka wametosheka. Mwanamkasi akatoka kukusanya vikombe. Mmoja wao alikuwa amevunja sikio la kikombe, akaliweka taratibu ndani ya kikombe chenyewe.

Jumamosi, fedha za upatu zikiwa zimefungwa katika leso ya Mwanamkasi, Borafya alikwenda Gulioni kwa Fundi Shaame. Huyu alikuwa fundi wa magari mwembamba, mcheshi, ambaye vitu vyake vyote vilikuwa chini, na yeye pia muda mwingi alikuwa chini. Alijitoa uvunguni mwa lori, akajifuta mikono kwenye suruali ambayo haikuweza tena kuchafuka.

"Nshakusikia tangu Mwembeladu," alisema. "Nikasema, ama vita vimerudi, ama Borafya."

"Acha maskhara. Nataka bomba jipya."

Shaame alisukuma kwa mguu kipande kirefu cha bomba la maji. "Hili hapa. Nakuchomelea sasa hivi, unaondoka. Shilingi ishirini."

"Na kelele?"

"Kelele zitakuwapo. Ila hizi za sasa zina ugonjwa, hizo zitakuwa na afya."

"Askari atanikamata, Shaame."

"Askari akikusikia, wewe utakuwa ushapita."

Borafya hakucheka. Shaame akaona kwamba leo mteja wake kaja na jambo zito, akamwonyesha kopo alilolitengeneza mwenyewe kwa bati la pipa, limejazwa nyuzi za chuma za kumeza sauti. Hilo lilikuwa shilingi sabini.

"Linasemaje?"

"Linanguruma. Kama mtu mzima aliyeshiba."

"Linadumu?"

"Mpaka mvua."

"Mvua ipi?"

Shaame alitazama juu mbinguni. "Hii inayokuja."

Borafya alichuchumaa, akaligonga kopo kwa kidole. Hesabu haikuwa ngumu, lakini ilikuwa inauma kila upande. Bomba la maji lingemwachia mkewe karibu fedha yote, na likamwachia yeye askari, na Balozi, na akina mama wajawazito ambao siku hizi wakiliona gari lake huweka mkono tumboni na kungojea jingine. Kopo la bati lingechukua sabini, nayo mia na kumi ingerudi nyumbani. Lakini mia na kumi hainunui cherehani, na nusu ya cherehani haishoni. Na mtaa ungesema tena, maana mtu mzima aliyeshiba naye hukoroma. Angeweza kwenda Kiponda kumwomba Bi Sugra apunguze bei, au apokee nusu. Wazo hilo lilimjia, akaliona linamtaka mwanamume apige hodi kwa mjane kumwombea mkewe, na akaliacha lipite.

"Kuna nyingine," alisema Shaame, sauti imeshuka. Akaingia ndani, akatoka na kitu kilichofungwa katika gunia. Kilikuwa cheusi, kinang'aa, hakijaguswa na matope ya nchi yoyote. "Ya gari lako hasa. Imekuja na mtu. Usiniulize mtu gani. Mia mbili."

"Mia mbili! Unaniuzia na gari?"

"Nenda popote Unguja hii. Ukiipata nyingine, nirudishie hii nikupe bure."

Walivutana mpaka mia na sabini. Shaame akamwita kwenye gari jingine pale gereji, lililofungwa salensa ya namna hiyo mwezi uliopita, akaliwasha. Borafya alingoja.

"Washa basi."

"Lishawaka."

Borafya akaweka kiganja juu ya boneti, akahisi mtetemo mdogo kama wa paka anayesinzia. Moyo wake ukaitamani. Aliwaona maharusi wa Idi wakipanda gari lake, aliwaona wagonjwa, alimwona askari akimpungia mkono. Mtu akinunua kwa fedha isiyokuwa yake, jicho lake hupenda kilicho bora. Mungu atuhifadhi, wengi wetu tuko hivyo.

"Nitamrudishia baada ya Idi," alisema kwa sauti, akiifungua leso.

"Nani?"

"Mke wangu."

"Ah," alisema Shaame, akihesabu. "Hao ndio wadai wazuri. Hawana stakabadhi."

Alasiri alirudi nyumbani, akamkabidhi Mwanamkasi leso na shilingi kumi zilizobaki. Mwanamkasi alikuwa amekaa juu ya mkeka na kanzu ya mtoto mapajani. Alizitazama.

"Zitanunua sindano," alisema, akaendelea kushona.

Mtaa wa Mpendae ulifurahi kama ulivyofurahi siku yalipoletwa maji ya mfereji. Watu walimsimamisha Borafya kumpa mkono. Bi Kidawa alisema mferejini kwamba sasa mtu anaweza kuisikia roho yake. Maalim, baada ya sala ya Ijumaa, aliwaombea dua wote wenye kuondoa adha njiani, na watu wakageuka kumtazama Borafya, naye akainamisha kichwa kwa unyenyekevu uliochanganyika na raha. Hakuna aliyechanga hata senti, lakini kila mmoja alijisikia kama kwamba kachanga.

Na kweli, kazi iliongezeka kidogo. Jumamosi moja alimchukua mgonjwa mpaka hospitali, na askari yule yule akatazama upande mwingine. Adhuhuri, akiwa na njaa, alirudi nyumbani. Zamani Mwanamkasi angemsikia tangu kwenye kona na kuanza kupakua. Safari hii gari liliteleza mpaka chini ya ukuta wa nyumba bila ya mtu kujua, na Borafya, mguu mmoja nje, akasikia sauti dirishani. Mdogo wake Mwanamkasi, Sichana, alikuwa amekuja kutoka mjini.

"Bi Sugra kasafiri leo asubuhi," Sichana alikuwa akisema. "Nlikwenda kumuaga. Cherehani kaichukua mtu wa Kiwengwa. Na mwisho kampunguzia, dada. Mia na sitini."

Mwanamkasi akasema, "Kheri."

"Kheri gani? Si ungekataa?"

"Ningekataa vipi, mbele ya Balozi na Maalim? Waliniuliza kama anavyoulizwa mwari siku ya kuozwa. Akinyamaza karidhia, akilia karidhia. Mie hata kulia sikulia, nlikuwa nimeshika sinia."

"Na mumeo je?"

"Mume wangu kanipa mgongo." Sindano ilipita katika nguo, mara moja, mara mbili. "Sikutaka mengi, Sichana. Angegeuka tu. Angegeuka akanitazama, ningempa kwa roho yangu, nikalala usingizi. Sasa nimempa, na kila nikisikia watu wanamshukuru naona kama wananipita juu."

Borafya alibaki na mkono juu ya mlango wa gari. Kwa muda wa mwaka mzima hakuwahi kusikia neno lolote la nyumba yake kabla hajazima injini, na injini ikizimwa watu huwa washanyamaza. Aliingia tena garini kwa taratibu, akalirudisha nyuma mpaka kwenye kona, akapiga honi mbili. Kisha akaja kama mtu anayefika.

"Leo umepiga honi," alisema Mwanamkasi, akimwekea maji ya kunawa.

"Nlitaka ujue nakuja."

Mwezi ulionekana jioni ya Jumatano. Watu walisali tarawehe, wakaamkuana, wakalala mapema wakiwa na nia ya kufunga. Borafya, kama kawaida yake, aliamka kabla ya wote, akala daku na mkewe, wali wa usiku na mchuzi wa papa, akaliwasha gari lake na kwenda zake Kizimkazi. Mpendae nzima iliendelea kulala usingizi mtamu, wa kimya, usingizi ambao iliuomba.

Iliamshwa na adhana ya alfajiri. Muadhini alikuwa na saa ya kengele, na hakuwahi kumwambia mtu. Watu walikurupuka. Bi Kidawa alikuwa na kikombe cha maji mdomoni pale Balozi alipompokonya. Mihogo iliyochemshwa tangu jioni ilibaki sufuriani imefunikwa, inatazamwa. Hapana ibada kama kufunga, na malipo yake yako kwa Mola. Lakini kufunga siku ya kwanza bila ya daku, katika mwaka ambao mchele wenyewe haupatikani, kunamfanya hata mcha Mungu amtafute wa kumlaumu.

Wakamtafuta Mzee Jecha. Walimpata msikitini baada ya sala ya Adhuhuri, amekaa nyuma ya nguzo.

"Mzee Jecha, debe liko wapi?" aliuliza Balozi. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Debe lipo."

"Mbona hatukulisikia?"

"Hamkulisikia kwa sababu sikulipiga."

"Na hukulipiga kwa sababu gani?"

Mzee Jecha alitazama mkeka. Alikuwa msikitini, na kafunga. Uongo haukuwa na pa kupita. "Nlilala," alisema.

"Wewe? Jani likianguka unaamka!"

"Mwaka jana," alisema Mzee Jecha, akimeza mate yasiyokuwapo, "Mwenyezi Mungu anisamehe, mwaka jana nlikuwa naamshwa na gari la Borafya. Likipasuka, naamka, nachukua debe. Mwaka huu nimelala nikilingojea."

Watu walikuwa wanalihesabu lile debe la mwaka jana, na fitiri walizompa, na maneno mazuri. Mmoja nyuma akaanza kucheka, akakumbuka mahali alipo, akageuza kicheko kuwa istighfari.

Baada ya Alasiri, wageni wale wale watatu walikuwa barazani kwa Borafya. Kahawa haikutolewa, maana ilikuwa Ramadhani. Barabarani walisimama watu zaidi kuliko mara ile, na safari hii hakuna aliyehangaika kutafuta baiskeli.

"Bwana Borafya," alisema Balozi, "sisi hatukuja kwa ubaya."

"Karibuni."

"Wewe leo ulikula daku?"

"Alhamdulillahi, nlikula."

Balozi alivuta pumzi. Ilionekana kwamba jambo hilo limemuuma kuliko njaa. "Basi tumezungumza, tumeona. Lile bomba lako la zamani lipo?"

"Lipo nyuma ya choo."

"Ungelirejesha. Kwa mwezi huu tu. Baada ya Idi unatia tena hii yako ya kimya."

Borafya alimtazama kama mtu aliyesikia lugha ya ugenini. "Bwana Balozi, na askari?"

"Askari nitazungumza naye."

"Na haki ya jirani, Maalim?"

Maalim alizipitisha tasbihi mbili tatu. "Kumwamsha Muislamu kwa daku," alisema, "kuna thawabu kubwa."

"Fundi atataka fedha ya kufungua, na fedha ya kufunga tena."

"Tutachanga," alisema Mzee Jecha, kwa mazoea tu, na safari hii hata yeye mwenyewe aliona haya.

Nyuma ya pazia kulisikika mtu akiweka kitu chini. "Mzee Jecha," ilisema sauti ya Mwanamkasi, kwa heshima zote, "kwani mlango wako una nini?"

"Mlango wangu? Hauna kitu, mwanangu."

"Mume wangu anapita hapo kila siku akienda Kizimkazi. Akikugongea, hutoamka?"

Wanaume watatu walitazamana. Walikuwa wamekaa msikitini tangu Adhuhuri wakilipima jambo hili, wamemtaja askari, wamemtaja fundi, mmoja wao alitaka waandikiwe barua wakubwa. Hakuna aliyefikiria mlango.

"Nitaamka," alisema Mzee Jecha. "Agonge kwa nguvu, ila nitaamka."

"Basi yamekwisha," alisema Balozi kwa haraka, kama kwamba shauri lilikuwa lake. "Bwana Borafya, ahidi kwamba utamgongea kila siku mpaka Idi. Sisi tushuhudie, na hawa walioko barabarani washuhudie."

Borafya alisimama. Hakuwaelekea wageni, aliwapa mgongo, jambo ambalo si adabu, akaelekea mlangoni.

"Mwanamkasi."

"Naam."

"Nitamgongea Mzee Jecha. Hilo dogo. Lakini wamekuja mashahidi, na mashahidi hawapatikani kila siku, basi nisikilize. Siku ile walikuuliza wao. Mimi sikukuuliza. Fedha ile nlikuchukulia."

"Bwana Borafya," alisema Balozi, "sisi tumekuja kwa ajili ya daku."

"Mlipokuja kuomba fedha ya mke wangu mlikaa," alisema Borafya bila ya kugeuka. "Kaeni na hili."

Maalim akamshika Balozi mkono wa kanzu, akamkalisha. Uso wake ulikuwa umeinama, na midomo inatembea bila ya sauti.

Borafya akasema alilotaka kusema, lakini koo lilikuwa kavu kwa saumu, na sauti ikatoka ndogo, imemezwa na pazia. Halafu Mwanamkasi akasema, "Sikusikia vizuri. Na nadhani wa barabarani nao hawakusikia."

Borafya alifikicha uso kwa viganja. Akashuka mpaka ukingo wa baraza, akawaangalia watu wa mtaa wake mmoja mmoja, na Bi Kidawa pia, aliyekuwa amesimama na ndoo. Kisha akarudi, akalifunua pazia kwa mkono wake mwenyewe, akamtazama mkewe usoni, na akasema kwa sauti iliyofika mpaka mferejini:

"Mimi Borafya Usi, nimefunga na sisemi uongo. Kila nitakachopata Kizimkazi kinaingia mkononi mwa Mwanamkasi mpaka mia na sabini yake itimie, hata ikiwa Idi itatukuta tunakula muhogo mtupu. Na fedha yake sitoigusa tena, Wallahi, mpaka nimuulize mwenyewe, mie na yeye, bila ya mtu barazani."